Maneno Niliyomlisha Kijana wa Kijapani

Aibu yangu hukaa masikioni. Wengine huinamisha uso, wengine hukosa pa kuweka mikono. Mimi masikio hupata moto kama mtu aliyetoka kuvutwa na mwalimu. Yalipata moto Jumapili moja ya mwisho wa Agosti, sebuleni kwa mama mmoja wa Kikenya hapa Thamesmead, mbele ya televisheni, na hata leo nikipita kwenye mlango wa sebule ile mkono wangu huenda wenyewe kuyagusa.

Nianze na kazi, maana asiyeijua ile kazi hawezi kuielewa aibu yenyewe.

Nilikulia Morogoro, nyuma ya stendi, na shule niliiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa. Siku moja nilitoka kwenda kutazama wanavyochomelea bodi la lori, kesho yake nikaenda kutazama kitu kingine, hivyo hivyo mpaka wakalifuta jina langu. Kilichonishika kwa muda mrefu kidogo ni kibanda umiza, kibanda cha mabati cha kuonyeshea video, chenye mabenchi ya mbao na joto ambalo ungeweza kukaangia yai. Pale alikuwepo mtafsiri, mtu anayekaa kando ya televisheni na maikrofoni, akiwasemea waigizaji kwa Kiswahili. Aliyekuwepo alipopata kazi ya ulinzi Dodoma, maikrofoni nikaichukua mimi.

Sikujua Kihindi wala Kichina, na hakuna aliyejali. Mtafsiri wa kibandani husoma nyuso. Akiingia mtu amekunja uso, unasema amekuja kudai shamba la marehemu baba yake. Akilia mwanamke, unamtafutia mama mkwe. Adui unampa jina la mjumbe wa mtaa na watu wanaanguka chini kwa kicheko. Kanuni kubwa ilikuwa moja tu: usiruhusu kimya. Waigizaji wakinyamaza, sema wewe. Kimya kikizidi kidogo, walio nyuma wanaanza kupiga miluzi na kuuliza kama mashine imekwama.

Hiyo ndiyo elimu niliyokuja nayo Uingereza. Nimeishi Hayes, nikipakia vyakula vya ndege kwenye toroli. Nimeishi Tottenham, chumba cha juu ya duka la nywele, harufu ya dawa ya kunyoosha ikipanda na ngazi. Sikai sana mahali. Nikishazijua njia zote na mabasi yake, miguu huanza kuwasha. Na nikiona haya mahali, huhama upesi zaidi. Thamesmead nilikuja kwa sababu niliona kwenye ramani kwamba kuna maziwa ya maji katikati ya nyumba za watu, nikataka kujua yalifikaje pale. Nikapata kazi kwenye ghala la vipuri, na chumba kidogo cha juu kwa yule mama.

Alikuwa mjane wa makamo aliyezaliwa Taita, aliyetunza wazee wa watu kwa miaka mingi katika nyumba za wazee, na sasa goti lake lilihitaji kutunzwa yeye. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo.

"Wee! Mumeanza na shikamoo zenu," akasema, akicheka. "Hapa kwangu habari tu yatosha." Kisha alipokuwa akinionyesha bafu akageuka. "Lakini usiache."

Alinionyesha na pa kuweka viatu, na akaniambia kwamba nyumba yake ni ya heshima, asingependa kusikia mambo. Nikasema hatasikia.

Filamu za Kijapani ziliingia kwa njia ya udadisi, kama vyote vinavyoingia kwangu. Karibu na stesheni kuna duka la hisani, yale yanayouza vitu vya watu waliohama au waliokufa. Kulikuwa na boksi zima la diski za zamani, na kwenye jalada la juu msichana amesimama shambani na kofia ya majani, nyuma yake mawingu meupe yaliyorundikana. Nilitaka kujua anamtazama nani. Nikalibeba boksi lote pamoja na mashine ya kuchezeshea.

Katika wiki ya kwanza mama akapanda ngazi, goti lake likilalamika, akagonga mlango.

"Ni nini kinalia humu? Umefuga nini?"

Walikuwa nyenje, wale wadudu wa mitini. Katika filamu za kiangazi za Kijapani nyenje hawanyamazi. Mtu akitembea njiani wanalia, akikaa barazani kwa bibi yake wanalia, akipenda wanalia. Mama alisimama mlangoni akisikiliza. Kisha akaketi kitandani kwangu bila kukaribishwa.

"Hao ni wa kwetu," akasema. "Kabla ya mvua za vuli. Miaka mingapi sijawasikia." Akatazama kioo. "Huyo msichana anasema nini?"

Maandishi ya Kiingereza yalikuwa yakipita chini ya picha, lakini jicho lake moja lilikuwa limetolewa mtoto wa jicho na jingine lilikuwa likisubiri zamu hospitali. Maneno yalimkimbia kabla hajayafikia. Basi nikamwambia anachosema msichana. Nikamwambia na anachojibu kijana. Kufikia mwisho nilikuwa nimesimama, nimeshika rimoti mdomoni kama maikrofoni, na mama alikuwa anafuta machozi kwa kanga.

Tangu hapo tukahamia sebuleni, kila Jumapili baada ya ibada. Waliungana nasi wenzake wawili wa kanisani, bado wamevaa nguo zao za kwaya, pamoja na binti yake mdogo, mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa akilala kwenye kochi la pembeni na simu usoni. Binti huyo Kiswahili alikielewa chote, ila alijibu kwa Kiingereza tu. Jua la saa kumi na moja lilipiga kwenye kioo, kwa hiyo tulibandika kanga dirishani, na sebule nzima ikageuka rangi ya chungwa.

Hadithi zenyewe zilifanana kama ndugu. Kijana amekwenda kijijini kwa bibi yake wakati wa likizo. Anakutana na msichana. Wanakula barafu ya kukwangua iliyotiwa sharubati, wanakimbia mvua ya ghafla, wanakwenda kutazama fataki wakiwa wamevaa majoho mepesi. Kisha siku zinaanza kupungua, upepo unabadilika, na likizo inaisha. Wanaachana kwenye stesheni ndogo isiyo na mtu. Na hawasemi! Hilo ndilo lililonishangaza. Sinema nzima unangoja mmoja aseme neno moja, na mwisho anasema kuna joto. Kibandani kwetu wangevunja mabenchi.

Kwa hiyo nilisema mimi. Kijana alipotazama mto bila neno, nilimpa maneno. Msichana alipokunja ncha ya joho lake kwa vidole, nilimfanya ataje baba mkali na mchumba asiyemtaka. Kina mama walipiga makofi. "Ehe! Mwambie!" Nilirudi kuwa mtu.

Mwezi Juni akaja dada mmoja. Alikuwa mtoto wa kaka yake mama, muuguzi aliyetoka Mombasa, amefaulu mitihani yote na anangoja kuambiwa hospitali gani imemchukua. Alilala chumba kimoja na binti wa chuo. Jumapili yake ya kwanza alikaa sakafuni nyuma ya shangazi mtu, akimfumua nywele kwa mkia wa kitana, na mimi nikafanya kazi yangu kama kawaida. Baada ya sinema tulikutana jikoni, mimi na vikombe, yeye na bakuli la nywele zilizofumuliwa.

"Mtanzania," akasema, kwa sauti ya chini. "Yule mzee pale mwisho amesema yote yale?"

"Amesema."

"Mimi nimesoma maneno mawili tu. 'Chai imepoa.'"

Nikafungua bomba la maji. Akacheka mpaka akaweka bakuli chini.

"Usihofu, simwambii mtu. Yako ni tamu kuliko yao."

Sijui kama mapenzi yalianzia hapo, lakini kwangu yalianzia hapo. Kila Jumapili nilisema uongo mbele ya watu, na mtu mmoja chumbani alijua, na alinyamaza. Nikipitiliza mno niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko nyuma ya kichwa cha mama. Nikaanza kutia maneno kwa ajili ya mabega yale.

Baada ya sinema maziwa yaliisha nyumbani mara nyingi kuliko kawaida. Tulikwenda kuyanunua wawili, na njia tuliyochagua ilikuwa ile ndefu ya kuzunguka ziwa. Alikuwa anauliza kama mimi: kwa nini maji haya yako hapa, nani anawalisha hawa ndege, kwa nini Waingereza wanasema samahani ukiwakanyaga wewe. Siku moja bata bukini mmoja alitutokea, shingo mbele, mdomo wazi, akija moja kwa moja kwangu. Nilijificha nyuma yake. Sisemi uongo, mimi mwanamume mzima nilimshika mabega nikajificha. Yeye akaelekeza mwavuli wake kwa ndege na kuufungua ghafla, pwaa! Bata akageuka. Kandambili yangu moja ilishaingia ziwani.

Tulirudi nyumbani mimi nina mguu mmoja mtupu, na kisa alikisimulia kwa wote, na kila aliyekuja nyumbani akasimuliwa upya. Kina mama wa kwaya waliniita Bwana Bata kwa wiki nzima.

Ambalo hakulisimulia ni kwamba kabla ya kurudi tulikaa kwenye benchi mpaka jua likafika kwenye mapaa, na kwamba aliuweka mkono wake juu ya wangu, akauacha pale. Nilikuwa na maneno mengi sana. Lakini kila nililolishika lilikuwa la mtu mwingine. Nilihitaji uso wa kulisemea, na palikuwa na wangu tu.

Kiangazi kikapita namna hiyo. Alipoambiwa kwamba hospitali ya Newcastle imemchukua na ataondoka Jumamosi ya kwanza ya Septemba, alinitazama mimi kabla ya kumtazama shangazi yake. Nikasema, "Hongera." Jioni tulipokwenda kununua maziwa akaniuliza, "Huna la kuniambia?" Nikasema ninalo. Akasema, "Basi niambie kabla sijaenda, maana mimi si wa kubahatisha. Nikiwa huko nimeambiwa ni kitu kimoja, nikiwa huko sijaambiwa ni kitu kingine." Nikasema nitamwambia. Nilimaanisha.

Ndiyo ikaja Jumapili ile.

Sinema ilikuwa ya yule msichana wa kofia ya majani, tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya siku maalumu. Kanga iko dirishani. Kina mama wamekaa, chai imemiminwa, dada yuko sakafuni anamsuka shangazi yake kwa mara ya mwisho. Tulifika mwisho. Kijana na msichana wako kwenye stesheni ya kijijini, hewa inacheza juu ya reli, nyenje wanalia, na kijana anafungua mdomo. Anasema neno moja. Kisha anatazama viatu vyake, na kamera haiondoki, na haiondoki, na haiondoki.

Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote. Nikaona huu ndio uso niliokuwa nautafuta.

"Anasema," nikaanza, na sauti ya kibandani ikanitoka kama haijalala hata siku moja, "anasema: usiende kabla hujanisikia. Nimezunguka miji mingi, sijawahi kukaa mahali. Hapa ningekaa. Kama ungeniambia nikufuate, ningekufuata kwa miguu. Sijawahi kumwambia mtu hivi. Nilianza kukupenda tangu siku ile..."

Mama mmoja wa kwaya alishusha kikombe. "Tangu siku gani? Mwache aseme!"

"Tangu siku ile ulipomfungulia bata mwavuli."

Nilisikia neno lenyewe likitoka. Niliona likienda, kama kandambili inavyoingia majini.

Binti wa chuo akaondoa simu usoni. Akasema, kwa Kiingereza chake cha hapa, kwamba kijana hajasema hivyo hata kidogo. Kijana amesema kuna joto. Basi. Akanyoosha kidole kwenye kioo ambako maandishi yalikuwa yameshapita.

"Bata?" mama wa kwaya akauliza. "Bata gani? Sisi tumekaa hapa tangu mwanzo, hakukuwa na bata."

"Mwavuli pia hatujauona," mwenzake akasema. Kisha akanitazama. Kisha akatazama sakafuni. "Ala."

Hapo ndipo masikio yakawaka. Ningechekwa ningepona, kicheko nimekizoea, nimekila kama chakula. Hawakucheka. Mikono ya dada ilikuwa imesimama kichwani kwa shangazi yake, msuko mmoja umefika nusu. Mama hakugeuka. Alikuwa ameshikwa nywele, hakuweza kugeuka, na nadhani sote watano tulishukuru kwa hilo.

"Malizia huo," akamwambia mtoto wa kaka yake, taratibu.

Dada akaumalizia msuko. Akaufunga ncha. Akainuka, akaenda jikoni, tukasikia birika likijazwa maji ingawa chai ilikuwepo. Kwenye televisheni treni iliingia, kijana akapanda, msichana akabaki, na hayo yote yalitokea kwa Kijapani kwa sababu mtafsiri hakuwa na sauti.

Wiki ile niliomba zamu za ziada ghalani. Nilitoka kabla hawajaamka na kurudi wakiwa wameshakula. Wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya makasha, nilitafuta vyumba Luton, Slough, Croydon, popote penye mitaa nisiyoijua. Nilikuwa nimemtia binti wa watu aibu mbele ya shangazi yake, mbele ya kanisa lake, na kibaya zaidi, sikuwa hata nimemwambia yeye. Niliwaambia watu wote chumbani isipokuwa yeye.

Ijumaa mama alinikamata kwenye ngazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unahama?"

"Naangalia tu, Mama."

"Wewe ni mtu wa kuangalia tu." Alishika nguzo ya ngazi, akapumzisha goti. "Sikiza. Ungekuja kwangu ukasema, Mama, mimi na huyu mtoto tumependana, ningekuuliza maswali yangu na tungekaa chini. Mimi si askari. Lakini unamtuma Mjapani?"

Nikatazama miguu yangu.

"Mjapani mwenyewe amesema kuna joto!" akasema, na kwa nukta moja nikaona anazuia kicheko, kisha kicheko kikamwisha, akabaki na huzuni tu. "Kesho utambebea begi mpaka stesheni. Goti langu halifiki. Na huko kituoni hakuna televisheni."

Jumamosi nikabeba begi. Lilikuwa na gurudumu moja bovu, na njia nzima liligonga nyuma yetu kama mtu wa tatu asiyejua kunyamaza. Ndani ya basi tulizungumza habari za koti: kama lake litatosha baridi ya kaskazini. Nilimweleza mambo mengi kuhusu baridi ya kaskazini, ambako sijawahi kufika.

Tukafika stesheni ya Abbey Wood. Jukwaani palikuwa na watu wachache. Baba mmoja alikuwa akimfungulia mtoto pakiti ya viazi, na hewa ilikuwa na ule ubaridi mdogo wa asubuhi unaokuambia kiangazi kimeshageuza mgongo. Ubao ulionyesha treni iko karibu. Dada akasimamisha begi, akanigeukia.

"Nimeingoja wiki nzima," akasema. "Nimekaa jikoni mpaka saa za ajabu, nimejifanya naosha sufuria. Ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazini." Akatikisa kichwa. "Haya, mtafsiri. Mimi nanyamaza sasa. Nitafsirie."

Akanyamaza. Akanitazama usoni, mikono imeshika mpini wa begi, midomo imefungwa, na uso wake wote uko wazi mbele yangu kama kioo cha kibandani. Nimesoma nyuso tangu nina miaka kumi na mitano. Nimesoma za Wahindi, za Wachina, za Wajapani wanaotazama viatu vyao. Ule uso mtoto angeusoma.

Nikachukua sauti ya maikrofoni. Ndiyo iliyokuja yenyewe.

"Dada anasema anawashukuru abiria wote, na anawaomba wasisahau mizigo yao..."

Hakucheka.

"Umekosea," akasema. "Rudia."

Akanyamaza tena. Nikasikia treni kwa mbali. Yule baba alikuwa akitutazama, na mtoto wake pia, na masikio yangu yalikuwa yanawaka mpaka shingoni. Nilitaka kusema. Neno lilikuwa fupi, nililisema Jumapili mbele ya watu watano kwa mdomo wa Mjapani bila kutetemeka. Nikatazama viatu vyangu.

"Anasema safari ni ndefu," nikasema.

"Umekosea."

Treni ikaingia. Nilimpandishia begi, hilo nililiweza. Aliketi upande wa mbali na dirisha. Sijui alikuwa na uso gani, sikuuona, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kutouona uso wa mtu.

Alipofika alimpigia shangazi yake. Nikasikia nikiwa ngazini: amefika salama, chumba ni kizuri, koti halitoshi. "Na mtafsiri nimsalimie? Haya, nitamsalimu," mama akasema.

Nilishapata chumba Luton. Mwenye nyumba alitaka jibu kabla ya mwisho wa wiki. Jumapili ikafika, kina mama wakaja na nguo zao za kwaya, na nilikuwa nimejifungia juu nikikunja mashati nilipoitwa. Mama alikuwa amekwisha tia diski ndani mwenyewe. Ilikuwa ile ile.

"Mwisho hatukuuona vizuri," akasema, bila kunitazama. "Kulikuwa na kelele."

Nikawatafsiria. Nilitafsiri kilichoandikwa, hakuna zaidi, na sinema ikawa nyembamba na ndefu. Mama wa kwaya alipiga miayo. Tukafika stesheni ya kijijini. Hewa inacheza juu ya reli. Kijana anafungua mdomo.

"Anasema kuna joto," nikasema.

Kamera haikuondoka. Nyenje wakalia. Kina mama wakangoja.

"Hapa ndipo aliposema yale," mama wa kwaya akasema. "Ya kufuatana kwa miguu."

"Hakuyasema yeye," nikasema. Ilinibidi nikohoe. "Niliyasema mimi."

Ilikuwa sauti yangu ya kawaida, ile ya kuombea chumvi mezani, na ilisikika ndogo sana katika sebule ile. Mama akaegemeza kichwa kwenye kochi. Misuko aliyosukwa ilikuwa bado mipya.

"Tunajua, mwanangu," akasema. "Ila si sisi tuliokuwa tunataka kujua." Akaniashiria mlango kwa kidevu. "Nenda. Sisi tutawasikiliza hawa wadudu."

Nilitoka na simu mpaka kwenye benchi la ziwani. Bata walikuwepo, hawakunijali. Alipokea upesi, nyuma yake kuna sauti za vyombo na watu.

"Mtanzania."

Nikamwambia. Sikumtafutia mtu mwingine wa kuyasemea. Yalitoka mabaya, yamepindana, nikarudia sentensi moja mara mbili, na neno lenyewe nililifikia mwishoni kabisa kama mtu anayepapasa swichi gizani. Jasho lilinitoka. Nilipomaliza niliona aibu kuliko Jumapili ile na kuliko pale stesheni, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kulaumiwa kwa maneno yale.

Nikasikia vyombo vikigongana nyuma yake.

"Umepatia," akasema.

Nikangoja.

"Ungepatia pale Abbey Wood, nisingepanda ile treni," akasema. "Nilikuwa nimeshaamua. Ningepanda ya mchana, tungekaa chini tukapanga. Nilitaka nije huku na kitu mkononi." Mtu akamwita kwa jina, akajibu kwamba anakuja. "Sasa nimekuja mikono mitupu, na maisha ya huku nimeyaanza hivyo hivyo, bila wewe. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Usinikasirikie."

"Sikukasirikii."

Kisha hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Nilijua vizuri sana namna ya kukijaza kimya kile: mzaha wa bata, koti, baridi ya Newcastle. Vyote vilikuja mpaka kwenye ulimi. Nikaviacha. Tulikaa hivyo mpaka akaitwa tena, akasema, "Haya basi," na simu ikakatika.

Mwenye nyumba wa Luton nilimwambia hapana. Sijui vizuri kwa nini. Naona haya kupita kwenye ile sebule, naona haya kanisa linapotoka na kina mama wakanipungia mkono, lakini bado nalala chumba kile cha juu. Kanga imeshatolewa dirishani. Jua la sasa haliwezi kumsumbua mtu. Nikirudi kazini namwamkia mama, anaitikia, kisha ananiuliza kama kuna maziwa. Nikiyakosa kwenye friji huvaa viatu, nikaenda dukani kwa njia fupi.